Kwa Miguu Kutoka Pangani Hadi Tanga

Mtu asafiriye kwa gari kutoka Pangani hadi Tanga hatumii muda mrefu njiani. Akifika, hukumbuka minazi, vumbi na mashamba ya mkonge, kisha huendelea na shughuli zake. Mtu aendaye njia hiyo hiyo kwa miguu hutumia siku mbili, na nyayo humuuma. Lakini akifika huwa na mengi ya kusimulia kuliko yule wa kwanza. Umbali ni ule ule, yapata kilomita 50. Tofauti iko katika nafasi anayoipata msafiri wa miguu ya kusimama, kuamkia watu na kuuliza.

Insha hii yasimulia safari ya namna hiyo, iliyofanywa na walimu watatu na wanafunzi 26 wa shule moja ya sekondari, wakati wa likizo ya mwezi wa Juni, mvua za masika zilipokuwa zimekwisha na kusi ikivuma. Mwandishi alikuwa mmoja wa walimu hao. Nia yetu ilikuwa kujifunza historia ya pwani ya Mrima mahali pale pale ilipotendeka. Kila mwanafunzi alichukua daftari lake, naye aliagizwa kuligawa sehemu tatu: sehemu ya kwanza aandike aliyoyaona kwa macho yake mwenyewe, ya pili aliyoambiwa na wenyeji, na ya tatu aliyoyasoma vitabuni au kufundishwa darasani. Agizo hilo laonekana dogo. Hata hivyo, ndilo lililozaa swali ambalo lilitufuata njia nzima, na ambalo ndilo sababu ya kuandikwa kwa insha hii.

MJI WA MTONI

Tulianzia ukingoni mwa mto. Mto Pangani hupata maji yake kutoka katika miteremko ya milima ya Kilimanjaro na Meru, nao husafiri yapata kilomita 500 kabla ya kuingia baharini mahali hapa. Mji uko ukingo wa kaskazini. Ng'ambo yake ni Bweni, ambako kwa miaka mingi watu na magari wamevushwa kwa pantoni. Katika karne ya 19 misafara iliondoka hapa kuelekea Usambara, Kilimanjaro na nchi ya Wamasai kutafuta pembe za ndovu, na kando ya mto yalilimwa mashamba makubwa ya miwa. Nyumba za mawe zilizobaki mjini, pamoja na milango yake ya nakshi, ni ushahidi wa mali iliyopatikana kwa biashara hiyo.

Wanafunzi wengi walilijua jina la Pangani kwa sababu ya vita vya mwaka 1888. Mwaka huo, kwa mapatano yaliyofanywa mwezi wa Aprili baina ya Sultani Khalifa wa Unguja na Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, kampuni hiyo ilipewa haki ya kuendesha forodha na utawala wa pwani kwa jina la Sultani. Mwezi wa Agosti mawakala wake walishika kazi katika bandari za Mrima. Wa Pangani alikuwa Emil von Zelewski, mtu mkali na mwenye kiburi, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo. Bendera ya kampuni ilipandishwa, amri ya Liwali ikapuuzwa, na masimulizi ya vita hivyo hayakosi kutaja jinsi nyumba ya ibada ilivyokosewa heshima. Mwezi wa Septemba watu wa mjini na wa mashambani waliinuka. Wajerumani wakazuiwa nyumbani mwao, kisha wakaondolewa kwa msaada wa watu wa Sultani. Vita vikaenea pwani yote.

Kiongozi aliyejulikana zaidi alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa karibu na Pangani. Serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann pamoja na askari wa kukodiwa na mizinga ya manowari. Mwezi wa Julai 1889 Pangani na Tanga zikatwaliwa. Abushiri aliendelea kupigana bara mpaka aliposalitiwa na kukamatwa, naye alinyongwa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Nyundo naye hakudumu. Aliuawa na Wahehe wa Mkwawa huko Lugalo mwezi wa Agosti 1891.

Hapo ndipo ubishi wa kwanza ulipozuka. Mwanafunzi mmoja alisema kwamba Abushiri alikuwa shujaa, kwa kuwa aliwapinga wakoloni. Mwingine akauliza: nani aliyekuwa akilikata shamba lake la miwa? Jibu lajulikana: mashamba ya mto Pangani yalilimwa na watumwa. Walimu hatukuuzima ubishi huo. Historia ya taifa haipungukiwi heshima kwa kusemwa yote. Abushiri aliongoza watu katika kuipinga dhuluma ya wageni, na yeye mwenyewe aliishi kwa jasho la watu wasiokuwa huru. Mambo hayo mawili ni kweli, na mwanafunzi hana ruhusa ya kuchagua moja na kulificha la pili.

NJIA YA MINYORORO

Tulipouacha mji na kushika njia ya kaskazini, jua lilikuwa halijapanda. Tulikwenda kwa vikundi, tukipumzika kila baada ya saa moja chini ya miembe. Katika mapumziko ya pili mwalimu mwenzangu aliwaeleza vijana kwamba sisi hatukuwa kundi la kwanza kwenda kwa miguu katika pwani hii.

Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja ikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba haikudhurika kiasi hicho, na kwa hiyo mashamba ya Pemba yalipata faida kubwa, yakahitaji wafanyakazi wengi. Lakini mwaka uliofuata, mwezi wa Juni 1873, Sultani Barghash alilazimishwa na Waingereza kutia saini mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yao. Wafanyabiashara wakatafuta hila. Badala ya kuwapakia watumwa majahazini Kilwa, waliwatembeza nchi kavu, safari ya majuma mengi, wakifuata pwani kuelekea kaskazini. Wengine walivushwa kwa siri kwenda Pemba kutoka Pangani na vibandari vya jirani; wengine walipelekwa mbele zaidi. Maelfu ya watu walipita hivyo, wengi wao wakiwa wametekwa katika nchi zilizo karibu na Ziwa Nyasa. Mwaka 1876 Sultani alitoa amri ya kuikataza pia misafara ya nchi kavu, lakini biashara ya magendo haikukoma mara moja. Utumwa wenyewe, kama hali iliyotambuliwa na sheria, ulifutwa katika Tanganyika mwaka 1922 tu.

Vijana walinyamaza kidogo. Walikuwa wametembea saa mbili, wameshiba, wana maji katika chupa zao, na tayari wengine walikuwa wakilalamika. Ndipo msichana mmoja wa kidato cha tatu alipofungua daftari lake, akatazama sehemu ya kwanza, ya mambo aliyoyaona, akauliza: "Mwalimu, katika watu hao wako waliokufa njiani. Wamezikwa wapi?"

Mwalimu alijibu kwamba hapana mahali palipowekwa alama. Msichana akasema, "Basi nitaandika nini katika sehemu hii?" Hatukuwa na jibu la haraka. Tuliinuka tukaendelea na safari, naye akaliacha swali lake juu ya ukurasa ulio mtupu.

WATU WA NAMBA

Kati ya Pangani na Kigombe msafiri huona mkonge. Katika nchi hii mmea huo ni mgeni, na kisa cha kuja kwake chajulikana vizuri. Mjerumani mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida katika Marekani. Njiani mingi iliharibika. Iliyofika Tanga mwaka 1893 ikiwa hai ilikuwa 62. Ilipandwa Kikogwe, kusini ya mlango wa mto Pangani, ng'ambo ya pale tulipoianza safari yetu. Kutokana na miche hiyo 62 yalianza mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa nchi ya kwanza duniani kwa uzalishaji wa mkonge. Mnamo mwaka 1964 uzalishaji ulifika yapata tani 230,000. Baadaye kamba za nailoni na plastiki ziliushusha bei, na mashamba mengi yalirudi kuwa pori. Mengine, kama haya ya Kigombe, yaliendelea.

Kazi ya mkonge ni ngumu. Mkataji huukata mwiba wa nchani wa kila jani, hulikata jani shinani, hufunga matita, na kuyabeba mpaka kwenye reli ndogo au barabara. Korona, yaani mtambo wa kukwangulia majani, hutoa singa, nazo huanikwa juani kabla ya kupigwa brashi na kufungwa marobota. Wakoloni hawakupata watu wa kutosha wa kuifanya kazi hiyo karibu na pwani. Waliwaandika watu wa mbali: Waha wa Kigoma, Wanyamwezi, Wabena, Wangoni, Wamakonde waliovuka Ruvuma, na wengine kutoka Rwanda na Burundi. Kila mtu alipewa namba, na kadi ya siku 30 za kazi iliyoitwa kipande. Siku ambayo hakuimaliza kazi yake haikuhesabiwa. Watu hao waliitwa manamba.

Tulipokuwa tukiwaeleza wanafunzi hayo, kijana mmoja aliyekuwa kimya tangu asubuhi alitwambia kwamba babu yake alikuwa manamba. Alitoka Buha akiwa kijana, akiahidiwa kwamba angerudi baada ya mkataba, hakurudi. Alioa huku, akazaa huku, akafa huku. Kijana alisema maneno ambayo tuliyaandika sote: "Nyumbani kwetu namba yake ya kambini inajulikana. Siku aliyozaliwa haijulikani."

Wenzake hawakucheka, ingawa neno hilo "manamba" vijana huweza kulitumia kwa dharau. Mwalimu alimwomba aseme jina la babu yake, naye alilisema kwa sauti. Kisha aliulizwa amezikwa wapi. Alisema kaburi lilikuwa kando ya kambi ya zamani, lakini halikujengewa, na sasa pameota magugu. Yule msichana wa kidato cha tatu alifungua daftari lake tena, akaandika katika sehemu ya pili, ya mambo aliyoambiwa.

Usiku ule tulilala Kigombe, kijiji cha wavuvi. Wenyeji walitupokea kwa wali wa nazi na samaki, na wazee walikaa nasi barazani. Mmoja wao alitusimulia habari za samaki mkubwa wa rangi ya kibuluu aliyenaswa katika nyavu za jarife, ambaye wavuvi walimwona kuwa wa ajabu kwa mapezi yake yanayofanana na viungo vya mnyama. Huyo ni silakanti, ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani kwa muda wa miaka milioni nyingi, mpaka alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Katika pwani hii ya Tanga ameanza kunaswa mara kwa mara tangu mwaka 2003, na mwaka 2009 sehemu hii ya bahari ilifanywa hifadhi kwa ajili yake. Wanafunzi walifurahi sana kusikia kwamba kitu kilichodhaniwa kuwa kimekwisha kilikuwapo muda wote, kirefuni, mbele ya kijiji.

MAKABURI YA TONGONI

Siku ya pili tulifika Tongoni kabla ya adhuhuri. Hapa pana magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa katika karne za 14 na 15. Makaburi mengi yalikuwa na nguzo ndefu zilizosimamishwa upande wa kichwa, nyingi zimeanguka. Katika nguzo hizo waliweka mabakuli ya kaure yaliyotoka nchi za mbali, na mashimo yake yaonekana mpaka leo, mabakuli yenyewe yakiwa yamekwisha kung'olewa. Mahali penye makaburi ya nguzo mengi kiasi hiki ni machache sana katika pwani nzima ya Afrika Mashariki.

Mji uliokuwapo hapa ulijulikana kwa jina la Mtangata. Mwezi wa Aprili 1498, merikebu moja ya Vasco da Gama, iliyoitwa São Rafael, ilikwama katika mafungu yaliyo mbele ya pwani hii. Maji yalipojaa ilijinasua. Watu wa pwani waliwaendea Wareno kwa vyombo vyao, wakawapelekea machungwa, na msafiri mmoja wa Kireno aliandika katika kumbukumbu zake kwamba yalikuwa bora kuliko ya kwao. Mwezi wa Januari 1499, Wareno wakirudi kutoka Bara Hindi, mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi. Hawakutosha kuendesha merikebu zote. Waliichoma São Rafael pale pale, na katika siku zile chache wenyeji waliwauzia kuku. Mara nyingi vitabu vya zamani viliieleza habari hii kana kwamba pwani ilianza kuwa na historia siku ile Wareno walipofika. Mwanafunzi aliyesimama kati ya makaburi ya Tongoni haoni hivyo. Merikebu ilipokwama, baadhi ya nguzo hizi zilikuwa zimekwisha kusimama kwa muda mrefu, na watu waliozijenga walikuwa wakifanya biashara na nchi nyingi za ng'ambo ya bahari.

Mzee mmoja wa kijiji alitufuata magofuni. Vijana walimwamkia, "Shikamoo, babu," naye akawaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu. Mmekuja kuwaona wazee wenu?" Alituonyesha mahali ambapo bahari inaila ardhi, akieleza kwamba alipokuwa mtoto ufuko ulikuwa mbali zaidi. Alituambia pia kwamba watu wa zamani walichukua mawe ya magofu kwenda kujengea, na kwamba watu wengine huja hapa na ubani kuomba dua. Msichana yule aliyeuliza swali siku ya kwanza alizunguka kaburi hadi kaburi, akipapasa mawe kwa kiganja. Mwishowe alirudi akasema, "Mwalimu, hapa makaburi yapo. Lakini majina hayapo."

Ilikuwa kweli. Tulitafuta sote, hatukuona jina hata moja. Waliozikwa hapa walikuwa watu wakubwa, wenye mali ya kununulia kaure na kuwalipa mafundi. Lakini sasa hatujui aliyekuwa mfalme, aliyekuwa kadhi, wala aliyekuwa bibi arusi. Mawe yao yamedumu zaidi ya miaka 500, na majina yao yamepotea. Yule manamba wa Buha hana jiwe, lakini mjukuu wake alilitamka jina lake jana yake mbele ya watu 28.

Nilimwona mzee akitikisa kichwa tulipomweleza habari hiyo. Alisema kwamba jiwe halisemi. Asemaye ni mtu aliyesimuliwa.

KABURI LA MACHUI

Maneno ya mzee yalikuwa bado masikioni mwetu tulipofika Machui. Hapa, kando ya njia ile ile, amezikwa Shaaban Robert. Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, jirani na hapa, wakati wa utawala wa Wajerumani. Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926, kisha akawa karani wa forodha. Alifanya kazi hiyo katika vituo mbalimbali, Pangani kikiwa kimojawapo, mpaka alipohamishiwa Mpwapwa katika idara ya wanyama mwaka 1944. Baadaye alirudi Tanga, akatumika katika ofisi ya wilaya na ofisi ya upimaji. Alifariki mwezi wa Juni 1962, miezi michache baada ya Uhuru. Maisha yake yalikuwa na safari nyingi, lakini njia hii iliyo kati ya Pangani na Tanga ilikuwa njia ya kwao.

Waandishi wa maisha yake hueleza kwamba asili ya ukoo wake ilikuwa Wayao, watu wa kusini. Naye mwenyewe alijiita Mswahili. Hili lafaa kutafakariwa na mwanafunzi aliyeitembea njia hii. Watu waliopita au kuletwa katika pwani hii walitoka nchi nyingi: Wayao na Wanyasa, Waha na Wamakonde, Wazigua na Wabondei, Wadigo na Wasegeju, Waarabu na Wahindi. Wengine walikuja kwa hiari, wengine kwa minyororo, wengine kwa mkataba. Hawakuwa na ukoo mmoja wala cheo kimoja. Walichokuja kushirikiana ni lugha, na katika lugha hiyo mtoto wa Vibambani aliandika vitabu vinavyosomwa na nchi nzima, kama Kusadikika na Maisha Yangu. Karani wa forodha, aliyehesabu mizigo ya watu mchana, alitumia usiku wake kuandika juu ya haki na utu.

Mwanafunzi mmoja alisoma beti chache za mshairi huyo kwa sauti, na wenzake wakasimama kwa adabu. Kisha tulikaa kivulini, tukalirudia lile swali la njiani.

Tuliwauliza vijana: je, ni kweli kwamba watu wasio na makaburi hawakuacha alama yoyote? Majibu yalianza kuja polepole. Mmoja alitaja neno manamba lenyewe. Kila alitamkaye, ajue asijue, anawataja watu waliohesabiwa kama mizigo. Mwingine alitaja kipande. Mwingine alikumbuka Kariakoo, jina la mtaa wa Dar es Salaam, litokanalo na kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita vya mwaka 1914 hadi 1918, na wengi wao wakafa bila kuandikwa. Mwingine akataja jina la Nyundo, ambalo wenyeji walimpa mtu aliyewatawala kwa ukali; kwa neno moja walitoa hukumu ambayo imeishi kuliko amri zake. Nami niliwakumbusha kazi ya Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mshairi wa pwani hii, ambaye aliitungia utenzi mrefu habari ya vita vya Wajerumani kuitwaa Mrima. Maripoti ya kampuni yaliandikwa kwa Kijerumani yakapelekwa Berlin; utenzi uliandikwa kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ukabaki kwa watu uliowahusu.

Kwa hiyo yafaa ieleweke kwamba jiwe na karatasi, ingawa ni ushahidi wa thamani, havitoshi. Jiwe huwahifadhi zaidi wenye mali, na karatasi huwahifadhi zaidi wenye madaraka. Walio wengi hifadhi yao ni lugha: maneno, majina ya mahali, methali, masimulizi ya barazani. Lakini hifadhi hiyo ina udhaifu mmoja mkubwa. Jiwe laweza kungoja miaka 500 bila kutazamwa na mtu. Neno lisiposimuliwa kwa kizazi kimoja tu, limekwisha.

KUINGIA TANGA

Jioni tuliingia Tanga, wengine wakichechemea. Mji huu ndio uliokuwa mwanzo wa reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Hapa pia, mwanzoni mwa Novemba 1914, majeshi ya Waingereza na Wahindi yapata 8,000 yalishuka pwani yakashindwa na jeshi la Wajerumani lililokuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Wenyeji husimulia zaidi habari za nyuki waliowavamia wapiganaji. Makaburi ya wanajeshi wa nchi za mbali yamejengewa na yanatunzwa mpaka leo. Wapagazi wa vita vile hawakujengewa. Vijana hawakuhitaji kuelezwa zaidi jambo hilo. Waliliona wenyewe, wakaliandika.

Tulipokusanya madaftari shuleni, tuligundua kwamba sehemu ya tatu, ya mambo yaliyosomwa, ilikuwa na kurasa chache kuliko tulivyotazamia, na sehemu ya pili, ya mambo yaliyosimuliwa, ilijaa. Hii si dalili ya uvivu wa kusoma. Ni dalili kwamba sehemu kubwa ya historia ya njia hii haijaingia vitabuni, nayo ingali vinywani mwa wazee ambao kila mwaka wanapungua. Katika miaka ya karibuni barabara ya Pangani imekuwa ikijengwa kwa lami. Hilo ni jambo la heri kwa mkulima, kwa mvuvi na kwa mgonjwa apelekwaye hospitali. Lakini gari liendalo kasi halisimami Tongoni wala Machui, na abiria hawamwamkii mtu njiani.

Basi walimu wa historia na wa Kiswahili wanaweza kufanya jambo ambalo halihitaji fedha nyingi. Kila shule iko kando ya njia fulani, na hapana njia isiyokuwa na habari zake. Wanafunzi wapelekwe kwa miguu, wafundishwe kuamkia na kuuliza, na kutofautisha lile waliloliona na lile waliloambiwa. Waandike majina ya watu, ya vijiji, ya visima na ya kambi zilizokufa. Waandike na jina la aliyewasimulia na tarehe ya siku hiyo. Madaftari hayo yatunzwe katika maktaba ya shule, ili wanafunzi wa miaka ijayo wayakute.

Yule msichana wa kidato cha tatu alirudisha daftari lake likiwa na ukurasa mmoja mtupu katika sehemu ya kwanza. Juu yake alikuwa ameandika: "Njia kati ya Pangani na Kigombe. Waliokufa hapa." Tulipomwuliza kwa nini hakuufuta, alisema kwamba hakuona kaburi, lakini njia aliiona. Walimu tulikubaliana kuuacha ukurasa huo kama ulivyo. Yule kijana wa babu yake manamba alipokwenda nyumbani mwisho wa muhula, alimwomba baba yake jembe, wakaenda wote wawili kulifyeka kaburi.